Mstari Yatima

Zulia lililokuwa mtamboni katika nyumba ya Keshvar lilifumwa na wanawake wawili waliokaa juu ya ubao mmoja, na kwa karibu mwaka mzima mmoja wao hakumsemesha mwenzake hata neno.

Keshvar alikaa kushoto, kama alivyokaa tangu alipokuwa mwari. Kulia kwake alikaa Zivar, mjane wa kaka yake. Ubao ulikuwa mrefu, umepachikwa kati ya nguzo mbili za mtambo, ukipandishwa kadiri zulia lilivyopanda. Kwa hiyo mmoja akijongea, mwingine alitikisika. Keshvar hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba wifi yake amekuja. Ubao ulimwambia. Ulizama kidogo upande wa kulia, ukatulia, kisha kisu kikaanza kukata nyuzi za sufu, na hiyo ndiyo salamu pekee iliyobaki baina yao.

Zulia hilo Zivar alikuwa ameliwekea nadhiri. Lingetandikwa msikitini siku ya hitima ya mwaka wa mumewe, kwa jina la marehemu. Na kesho yake Morad, kaka yake Zivar, angekuja na pikapu kumrudisha kwao, ng'ambo ya jangwa la chumvi. Zivar hakuwa na mtoto wa kumfunga pale kijijini Sarchenar. Mume alikuwa kaburini. Kilichokuwa chake ndani ya ua ule ni upande wa kulia wa mtambo, basi. Na zulia likishakatwa, hata huo usingekuwa wake tena. Keshvar alilikumbuka jambo hili kila alipoinua kitana cha chuma kushindilia mshindio, ule uzi wa kukingama. Kila mstari uliopanda ulimsogeza wifi yake karibu na mlango. Naye alikuwa na haja moja tu, kwamba kabla ya mtande, zile nyuzi za wima zilizolibeba zulia, kukatwa Zivar amsemeshe, walau kwa kumtukana.

Zamani haikuwa hivyo. Ili jambo lililotokea lieleweke, yafaa kwanza kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Sarchenar mfumaji hapewi mchoro wa zulia zima. Karatasi huonyesha robo tu: pembe ya chini, upande wa kushoto. Robo hiyo hutosha, kwa sababu zile tatu nyingine zimo ndani yake, kama sura ya mtu ilivyomo ndani ya kioo kabla hajakisogelea. Anayekaa kushoto huisoma karatasi kwa sauti, kama ilivyo. Anayekaa kulia husikia na kugeuza: kinachoambiwa kiende kulia, yeye hukipeleka kushoto, mpaka mafundo ya wawili hao yakutane katikati. Wakifika nusu ya kimo, msomaji huanza kuisoma karatasi ile ile kutoka juu kwenda chini, na zulia hujirudia, kichwa chini miguu juu. Hivyo kila mstari wa karatasi husomwa mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Mmoja tu hauna mwenzake, nao ni ule wa katikati kabisa. Huo husomwa mara moja. Wanawake wa huko huuita mstari yatima, na ni desturi yao kwamba ukishafungwa na kushindiliwa, wafumaji huweka visu chini na kugawana kipande cha sukari ya mawe. Wakishaila, ndipo msomaji anapoihamisha sindano yake ya alama karatasini. Kabla ya sukari, sindano haisogezwi.

Keshvar alikuwa na sauti ya kusomea. Aliburuta maneno mpaka yakawa nusu wimbo: nyekundu tatu, buluu moja, ruka mbili, nyeupe moja. Na kila alipomaliza kipande, Zivar alimjibu kutoka kulia, "Imefungwa, wifi." Siku nyingine alimjibu vingine. Alimwambia asome polepole, kwani wanakimbizwa na mbwa? Keshvar naye husema kwamba vidole vya wifi yake vimenenepa tangu aanze kula wali wa nyumba ile, na Zivar hujibu bila kuinua macho kwamba wali anausikia tu, nyumba ile aliikuta na mkate na upepo. Wapita njia walidhani ndani kuna wanawake sita.

Ghodrat, kaka yake Keshvar na mume wa Zivar, alikuwa mchimba kanati, ile mifereji ipitayo chini ya ardhi kuleta maji ya mlimani hadi kwenye bustani za pistachio. Aliteremka kisimani amevaa nguo nyeupe, kama wavaavyo wachimbaji wote, ili ardhi ikiamua kumbakiza watu wasisumbuke kutafuta sanda. Aliyesimama juu kwenye gurudumu la mbao, akiishusha na kuivuta kamba, alikuwa Yadollah, mume wa Keshvar. Jioni moja kamba ilianikwa ukutani mwa ua. Keshvar, ambaye vidole vyake tangu utotoni havikujua kazi nyingine ila uzi, alipita karibu nayo akaona mahali nyuzi zilipofumuka na kusimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Alimwambia mumewe. Yadollah alijibu kwamba kamba hiyo ilimbeba hata baba mkwe, kwamba mavuno yakiisha atanunua nyingine, na kwamba yeye asianze kuwatia watu hofu.

Asubuhi alikaa ubaoni pamoja na Zivar. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini walikuwa wanaukaribia mstari yatima, mikono ilikuwa imeshika kasi, na Zivar alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Keshvar akajiambia kwamba atamwambia watakapopumzika, wakila sukari. Kabla hawajaila, mtu alipiga ukelele njiani kwamba kamba ya kisimani imekatika na Ghodrat yuko chini.

Yadollah ndiye aliyelitoa neno, matangani, mbele ya watu wote. Alikuwa amejipiga kichwa ukutani mpaka kikavimba, akasema huku analia kwamba mkosaji ni yeye, hata Keshvar alimwonya. Watu walimshika mikono na kumtaka radhi Mungu kwa niaba yake. Mzee wa kijiji alisema ajali ni ajali. Ila Zivar, aliyekuwa ameketi kimya, aligeuza shingo na kumtazama Keshvar, na kesho yake makaburini, walipokuwa wakigawa halua, alimsogelea akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Wifi, mbona hukuniambia?"

Keshvar alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Zivar alingoja, sinia la halua mikononi, kwa muda ambao mtu mwenye adabu humngojea mwenzake. Kisha akaenda kuwahudumia wengine. Tangu hapo alizungumza na majirani, alizungumza na mbuzi, hata na Yadollah alibadilishana neno la lazima bila kumtaja jina, lakini kwa Keshvar alikuwa kama kisima kilichofunikwa.

Arobaini ilipokwisha, walirudi mtamboni. Nadhiri ilikuwa imekwishawekwa, na kazi hiyo haikuwezekana kwa mkono mmoja, wala kwa mkono mgeni. Kila mfumaji ana uzito wake wa kushindilia, na zulia lililoanzwa na wawili likimaliziwa na mwingine hupinda kama mguu uliovunjika ukaungwa vibaya. Keshvar aliisogeza karatasi, akapangusa vumbi. Sindano ilikuwa imesimama penye mstari yatima. Alijaribu kukumbuka kama walikwisha kuufunga. Macho yake yalikuwa yamevimba, sufu mtamboni bado ilikuwa ndefu na yenye manyoya, haikuonyesha kitu. Akajiuliza kama walikula sukari. Hawakuila, hilo alilijua kwa hakika, kwa sababu lile neno alilokusudia kulisema wakati wa sukari halikusemwa. Basi mstari ulikuwa bado. Akausoma.

Upande wa kulia kisu kilisita. Kilisita kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Keshvar alidhani ni majonzi. Kisha kisu kikakata, na mafundo yakafungwa, moja baada ya jingine, mpaka mikono yao ikakutana katikati ya zulia bila kugusana.

Ndivyo walivyofuma majira yote ya baridi, na masika, na kiangazi karibu chote. Keshvar alisoma, na hakuna aliyejibu. Mwanzoni alikuwa akinyamaza kidogo baada ya kila kipande, kumwachia mwenzake nafasi ya lile "imefungwa," kama mtu anayeendelea kuweka sahani ya mtu aliyesafiri. Baadaye aliacha. Siku moja alijisahau akasoma kwa wimbo kama zamani, akashtuka katikati, akasikia kwamba kisu cha upande wa pili nacho kimesimama, kisha kimeendelea. Hakujua alifasirije.

Juma la mwisho kabla ya hitima, ilibaki mistari ya pindo la juu tu. Mchana huo Zivar alikuwa ameenda mferejini kusuuza nyuzi, na Keshvar alikuwa akifagia chumba, kwa kuwa wageni wangekuja. Aliingia nyuma ya mtambo, mahali pasipofagiwa mara kwa mara. Mgongo wa zulia hauna manyoya. Mafundo yake huonekana wazi moja moja, kama punje za mhindi gunzini. Jua la dirishani lilikuwa limeuangukia. Keshvar aliinua macho kuangalia turanji, lile umbo kubwa la katikati, alilolifuma katika mazulia mengi kuliko awezavyo kuyataja, na ambalo pembe zake za ubavuni, kushoto na kulia, humalizika kwa fundo moja, nyembamba kama ncha ya sindano.

Hazikumalizika kwa fundo moja. Yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. Pembe ilikuwa butu.

Aligusa kwa kidole. Akaenda pembe ya pili. Nayo vivyo hivyo, maana wa kulia humfuata wa kushoto hata katika makosa. Akaufuatisha mstari kutoka ukingo hadi ukingo, akauona vizuri. Mstari yatima ulikuwa na pacha. Zulia halikuwa limepoteza ulinganifu wake. Ukilikunja, nusu ya juu ingelala juu ya nusu ya chini bila kuzidi wala kupungua. Ila mkunjo wenyewe sasa usingepita juu ya fundo lolote. Ungepita baina ya mistari miwili, mahali pasipo na kitu.

Alikuwa bado ameketi sakafuni, ufagio mapajani, Zivar alipoingia na beseni la nyuzi.

"Njoo uone," alimwambia.

Zivar alikuja. Keshvar alinyoosha kidole penye pembe. Wifi yake hakutazama kilichoonyeshwa, alikitazama kidole. Keshvar akafahamu papo hapo, kwa kuwa mtu aonyeshwaye kitu asichokijua hukitazama kile kitu.

"Ulijua," alisema. "Tangu siku ile. Wifi, mbona hukuniambia?"

Swali lilikwisha kutoka ndipo alipolisikia. Lilikuwa na maneno yale yale, kwa mpango ule ule, na halua tu ndiyo iliyokosekana. Alitamani kulirudisha. Zivar aliweka beseni chini, taratibu, maji yasimwagike, akaketi upande wa pili wa nguzo. Aliposema, sauti yake kwa Keshvar ilikuwa na kutu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

"Sukari nilikuwa nimeshaivunja," alisema. "Mstari tuliufunga asubuhi ile, tukaushindilia, nikavunja sukari. Kipande chako nilikuwa nimekushikia. Nilikimbia nacho hadi kisimani, wifi. Waliponiondoa pale walikikuta kimeyeyuka kiganjani, nyuki wanakifuata."

Keshvar aliuondoa ufagio mapajani, akauweka kando.

"Basi uliposoma mara ya pili nilijua. Nikafunga kwa makusudi. Nikasema moyoni, acha aonje. Mstari mmoja tu. Kesho nitamwambia, ataufumua, ataona haya, tutakuwa sawasawa. Kesho ikafika, kulikuwa na mistari mingine juu yake. Na wewe ulikuwa umelia. Nikasema, si leo. Kesho yake tena Yadollah wako, huyo mumeo, alikuwa anaumwa, si leo. Siku nyingine uliimba. Nikasema, amepata kuimba, nimvunje? Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana. Mwisho nikawa namwomba Mungu usione kabisa."

Alikamua uzi mmoja uliokuwa ukidondosha maji.

"Hasira ilikwisha kabla ya Nouruzi, mwaka mpya haujaingia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Hasira imekwisha, na bado nanyamaza. Nikajiuliza, sasa ninanyamazia nini?" Kisha akamtazama wifi yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu makaburini. "Na wewe ilikuwa hivyo?"

"Nilikuwa nangoja sukari," alisema Keshvar. "Nilitaka kukuambia tukila sukari."

Zivar aliinamisha kichwa. Hakulia, wala hakumsogelea. Alikaa kama mfumaji anayehesabu mafundo kichwani, na nje mbuzi alikuwa akilia kwa ajili ya maji.

Keshvar alisimama, akakichukua kisu. Alisema watafumua. Wangeanza mara moja, mchana na usiku, wakate mishindio, warudi mpaka katikati, wauondoe ule mstari wa pili. Hitima ingepita bila zulia, lakini yeye angesimama msikitini na kuwaeleza watu kwamba kosa ni lake, na nadhiri ingetimizwa baadaye. Alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyepata hatimaye kitu cha kubeba. Mkono wake ulikuwa umeufikia ukingo wa juu Zivar alipoushika.

"Usifumue."

"Kila mwanamke wa Sarchenar ataona."

"Waone. Ukifumua, kosa hili litaondoka, nawe utadhani na lile jingine limeondoka." Aliuachia mkono. "Sijakusamehe, Keshvar. Usije ukadhani. Ila panda ubaoni tumalize, jua lingalipo."

Walipanda. Ubao ukazama kushoto, ukazama kulia. Keshvar aliisogeza karatasi, akasoma mstari wa kwanza wa pindo, akaharakisha, akafika mwisho.

"Umeruka nyeupe," ilisema sauti ya kulia. "Rudia."

Akarudia. Siku zote zilizobaki ilikuwa hivyo. Zivar hakuleta mzaha, hakusema habari ya wali wala ya mbwa, na "imefungwa" yake ilikosa lile neno la mwisho lililokuwa likiifuata zamani. Lakini fundo likikosewa, alisema pale pale, kabla uzi haujakatwa. Keshvar alikosea zaidi kuliko kawaida yake. Haikuwa kwa kusudi, ingawa mara moja au mbili hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Siku ya hitima zulia lilitandikwa msikitini, karibu na mimbari. Wanaume walisoma, wakanywa chai, wakaondoka. Kisha wakaingia wanawake, nao hawakuanza na dua. Walianza na zulia. Bibi Heshmat, aliyefuma tangu enzi ambazo hakuna mwingine aliyezikumbuka, na ambaye Mungu alimpunguzia meno akamwongezea ulimi, alipiga magoti penye turanji akaipapasa pembe moja, kisha ya pili.

"Enyi watoto," alisema, "hii pembe mmeitoa wapi? Nimeona kuku waliokatwa midomo wenye ncha kuliko hii."

Wengine walicheka, wakaziba vinywa kwa ncha za mabaibui, kwa kuwa hapo palikuwa hitimani. Bibi Heshmat aliwaamuru walikunje zulia. Walilikunja, ncha kwa ncha, pindo kwa pindo. Lililingana kila mahali. Akapitisha kidole kwenye mkunjo, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, naye uso wake ukaacha utani.

"Linalingana," alisema polepole. "Ila halina katikati. Nani alisoma?"

"Mimi nilisoma," alisema Keshvar.

Kila mtu mle alijua habari ya kamba, na kila mmoja alijua ni siku gani mtambo ule ulisimama. Macho yakaanza kumkusanyikia Keshvar kama nzi.

"Na mimi nilifunga," alisema Zivar, aliyekuwa mlangoni na sinia. "Nilijua, nikafunga. Bibi, kula halua, inapoa."

Bibi Heshmat alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akachukua halua. Hakusema tena neno juu ya zulia, jambo ambalo lilisimuliwa Sarchenar kwa muda mrefu.

Kesho yake Morad alifika na pikapu kabla jua halijakali. Mizigo ya Zivar haikuwa mikubwa: godoro, sanduku la bati, birika, mfuko wa pistachio aliopewa na majirani. Morad aliipakia upesi, kwa kuwa njia ya jangwani haina kivuli. Keshvar alisimama uani na maji ya kumwagia nyuma ya msafiri, kama ilivyo ada, ili arudi salama. Alilishika bakuli kwa mikono miwili asijue kama ana haki ya kulimwaga. Alikuwa amekesha akitafuta neno la kusema. Alipata mengi, na yote asubuhi yakawa mepesi mno. Alikuwa amedhani kwamba akishasemeshwa haja yake itakuwa imekwisha. Sasa alikuwa amesemeshwa, na wifi yake anaondoka vilevile.

Zivar alitoka chumbani kwake amejifunga mtandio. Badala ya kuelekea garini, alikata ua akaingia chumba cha mtambo. Keshvar alimfuata hadi kizingitini. Mtambo ulikuwa mtupu, boriti mbili na nguzo mbili, na vipande vya mtande uliokatwa vikining'inia kama ndevu. Zivar alikwenda upande wake wa kulia. Aliushika mti wa nguzo kwa mkono, akautikisa, akainama kuangalia chini yake.

"Nguzo hii imelegea," alisema. "Kabari imekauka. Mwambie Yadollah aigonge kabla hujatanda. La sivyo boriti ya juu itakuangukia kichwani."

Jina hilo hakuwa amelitamka kwa hiari tangu matangani. Siku ile nyuma ya mtambo lilimponyoka, akalifunika upesi. Leo alilisema lote, akaliacha. Alipita kando ya Keshvar mlangoni, bega likagusa bega kwa sababu mlango ni mwembamba, akapanda garini. Hakusema kama atarudi. Hakusema kama hatarudi. Pikapu ilipoanza kwenda, Keshvar alimwaga maji njiani, yote, akasimama akayaangalia mpaka udongo ukayanywa.

Kisha akamwita mumewe. Yadollah alikuja na nyundo, amekonda, macho yake yakikwepa kama kawaida ya mwaka ule. Keshvar aliishika kabari kwa vidole vyake, karibu sana na mahali nyundo ilipokuwa ikipiga, wala hakuitoa mpaka nguzo ilipoacha kutikisika. Yadollah aliuliza kama amsogezee nguzo ya pili karibu. Mtande mwembamba humtosha mfumaji mmoja, alisema, na mikono yake ingepumzika.

Keshvar alichukua donge la uzi wa mtande, akaiacha nguzo ya pili pale pale mbali ilipokuwa, akafunga ncha, akaanza kutanda kutoka upande wa kulia, upande wa Zivar.